Mita Nne za Mraba

Pipa langu la kwanza lilijaa kabla chai haijachemka. Ilikuwa Machi, Kigamboni, Dar es Salaam, mvua ya kwanza ya masika, nami nimesimama barazani na khanga mabegani, nikitazama maji yanavyoshuka kutoka kwenye bati. Lilikuwa pipa la bluu la lita 200, lililokwisha kubeba mafuta ya kula huko lilikotoka, nikalisugua kwa majivu na sabuni siku mbili. Likajaa, likafurika, na mvua haikuwa na habari nalo. Ikaendelea saa nzima. Asubuhi nikakuta maji yamechimba kando ya msingi wa nyumba mpaka mawe yanaonekana. Mvua zilipokatika nikaanza kulichota pipa lile kumwagilia tuta langu la mchicha. Siku ya tano kopo likakwaruza chini.

Nilikosea pande zote mbili: paa nililidharau, pipa nikalikuza. Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue tangi la ukubwa gani, namrudishia swali lake: kwako hupita siku ngapi bila mvua, na siku hizo unataka kula nini? Akishajibu, ukubwa wa tangi na ukubwa wa bustani vinajitokeza vyenyewe, na kwa kawaida bustani inakuwa ndogo kuliko alivyoota.

Haya ninayoandika ni ya mwenye nyumba ya bati na ua wa nyuma katika ukanda wa pwani na visiwani, kunakonyesha mara mbili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Ndugu wa Dodoma na Singida, wenye msimu mmoja wa mvua na miezi mirefu ya vumbi, hesabu ni hiihii, ila siku za kuvuka ni nyingi zaidi.

Hesabu kabla ya fundi

Kumbuka jambo moja tu: milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba, ni lita moja ya maji. Basi. Huna haja ya kupanda juu ya paa. Chukua futikamba, simama chini, pima kutoka ukingo wa bati wa upande huu hadi ukingo wa upande wa pili, urefu kwa upana. Mwinuko wa paa usikubabaishe, kwa sababu mvua inahesabu eneo ambalo paa limelifunika chini, hata kama bati lenyewe ni refu zaidi.

Nyumba ya mita 10 kwa 6 ina mita 60 za mraba. Dar es Salaam hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka wa kawaida. Hizo ni lita 60,000. Toa moja ya tano kwa yanayoruka, yanayokauka juu ya bati la moto na yale machafu ya mwanzo utakayoyamwaga kwa makusudi, zinabaki lita 48,000, yaani madumu 2,400 ya lita ishirini. Mtu aliyewahi kununua maji ya mkokoteni atajua thamani yake bila kuambiwa.

Sasa geuza upande wa pili wa karatasi. Bustani ya mboga katika miezi ya kipupwe inakunywa kama lita nne kwa kila mita ya mraba kwa siku. Januari na Februari, jua linapowaka na upepo wa kaskazi ukikausha kila kitu, ni lita tano na zaidi. Kutoka mwanzo wa Juni hadi mwisho wa Septemba ni siku 122. Manyunyu ya hapa na pale yapo, lakini usiyatie kwenye hesabu. Yakija, yahesabu kuwa zawadi. Tangi la lita 2,000, ambalo ndilo wengi wetu tunaweza kulinunua bila kuuza kitu, ukiligawa kwa siku 122 na kwa lita nne, linakupa mita nne za mraba.

Mita nne. Kitanda cha watu wawili ni kama mita tatu na nusu.

Najua unavyojisikia, nami nilirudia hesabu ile mara tatu nikidhani nimekosea. Lakini ukishaikubali, mambo mengi yanarahisika. Hutalima ua mzima mwezi wa tano halafu uuzike mwezi wa saba. Utalima mita nne vizuri, utazilisha, utazifunika, na ukijitahidi kubana maji kwa njia nitakazoeleza mbele, zitafika sita au saba. Wakati wa mvua panua utakavyo, kwa maana wakati huo tangi halina kazi.

Gata, bomba na mjusi

Fundi wangu wa kwanza alifunga gata kwa ustadi wa kupendeza. "Dada, njoo uangalie mwenyewe," akaniambia, "imenyooka kama rula." Ndiyo, ilikuwa imenyooka, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Maji yalisimama katikati, majani yakaoza humo, mbu wakafurahi, na mvua kubwa ya kwanza ikazijaza gata mpaka vishikizo viwili vikang'oka kwenye ubao. Gata lazima ilale kuelekea kwenye bomba la kushukia: sentimita moja kwa kila mita inatosha. Kwa nyumba ya mita 10, upande mmoja uwe chini kuliko wa pili kwa sentimita 10. Kwa macho inaonekana kama imepinda, na fundi atakulalamikia. Mwache alalamike. Kama pimamaji yake huiamini, chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ujaze, ushike ncha moja huku na nyingine kule. Maji ya pande mbili hukaa usawa mmoja, nawe unapima kushuka kutoka hapo.

Vishikizo visipishane zaidi ya mita moja, na mimi binafsi naweka kila baada ya sentimita 60, kwa kuwa gata iliyojaa maji ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Ukingo wa bati uingie ndani ya gata kidogo, kama theluthi ya upana wake. Ukiingia mno, huwezi kusafisha; ukiishia nje, mvua ya upepo inarukia ukutani. Kuhusu ukubwa, gata ya mraba ya inchi nne inatosha upande mmoja wa nyumba ya kawaida. Asiye na fedha ya gata za dukani amwone fundi bati amkunjie bati jipya umbo la V. Yangu ya upande wa jikoni ni hiyo, na haijanisumbua.

Maji ya mwanzo yasiingie tangini. Hili halina mjadala. Baada ya wiki kadhaa za jua, juu ya bati kuna vumbi, kinyesi cha kunguru (na Dar kunguru hawana uhaba), majani ya mwarobaini na vidudu vilivyokauka. Njia ya bure ni kuliacha bomba la kushukia likitazama nje dakika kumi au kumi na tano za mvua ya kwanza, kisha ulielekeze tangini. Watoto hugombania kazi hii. Lakini mvua hupenda kuja saa nane za usiku, kwa hiyo ipo njia ya kulala usingizi: kabla bomba halijafika tangini, weka kiungo cha T, na chini yake simamisha bomba la inchi nne lililozibwa kitako. Maji machafu yanaanza kulijaza hilo. Likijaa, yanayofuata yanapita juu na kwenda tangini. Mita moja ya bomba la inchi nne inabeba zaidi ya lita nane. Ukitenga nusu lita kwa kila mita ya mraba, upande wa paa wenye mita 30 unahitaji lita 15, yaani bomba la mita mbili hivi. Kizibo cha chini kiwe cha kufunguka, na ukitoboe tundu dogo la msumari ili maji yadondoke yenyewe hadi bomba liwe tupu kusubiri mvua nyingine. Tundu hilo huziba. Lizibue.

Mjusi nilimjua kwa harufu. Mwaka wa pili maji yalianza kunuka, nikalaumu tangi, nikalaumu bati, mpaka siku nilipofungua mfuniko na kumulika na tochi. Sitaendelea na habari hiyo. Tangu siku ile kila tundu la tangi langu lina wavu: pa kuingilia maji, pa kufurikia, hata pale mfuniko unapokaa vibaya. Wavu wa mbu uliokunjwa mara mbili na kufungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli unatosha.

Na mbu wenyewe ni jambo zito kuliko mjusi. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengue, mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza, Aedes, anapenda hasa maji safi yaliyotulia ndani ya mapipa, makopo na matairi karibu na watu. Anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikukingi naye. Yai hadi mbu ni kama wiki moja ya joto letu. Pipa lisilo na mfuniko ni kiwanda. Ukiona viluwiluwi wanacheza juu ya maji, chuja yote kwa kitambaa, mwagilia mimea, sugua kuta za pipa (mayai hubaki yamegandia hapo hata maji yakikauka), ndipo ujaze upya.

Tangi lenyewe liwe jeusi, au lisilopenyeza mwanga. Ndani ya tangi linaloangaza, utando wa kijani huota baada ya wiki chache. Lita 2,000 za maji ni kilo 2,000, zaidi ya uzito wa gari dogo na abiria wake wote, zimesimama mahali pamoja, juu ya mchanga wetu huu wa pwani. Kwa hiyo chini kuwe na jukwaa la matofali lililofunikwa zege, limepita upana wa tangi pande zote, juu kiasi cha ndoo kukaa vizuri chini ya koki. Tangi la plastiki linataka kitako chake chote kilale. Ukilikalisha juu ya mbao zenye nafasi katikati, litajikunja taratibu na siku moja litapasuka. Koki ikae sentimita tano au kumi juu ya kitako, tope lipate pa kutulia.

Kunywa? Maji ya paa ya bustani usiyanywe hivihivi. Yachemshe, au tumia dawa ya maji kama inavyoelekezwa kwenye chupa yake. Na kama paa lako ni la yale mabamba ya zamani yenye asbesto, au bati limepakwa rangi ya zamani usiyoijua imetengenezwa na nini, hayo hata ukiyachemsha usinywe.

Nami sisemi kwamba haya ni maarifa mapya. Katika visiwa vya Lamu, kule Pate, wazee walijenga majabia, birika kubwa za mawe na chokaa za kukinga mvua, maana maji ya ardhini huko yana chumvi. Sisi wa Kigamboni tunaijua chumvi hiyo. Kisima cha jirani yangu hukuachia utando mweupe juu ya udongo ukimwagilia wiki mbili mfululizo. Mchicha huvumilia kiasi, mnazi haujali, lakini maharage yanakauka kingo za majani kama yameunguzwa na moto. Hapa ndipo utaelewa kwa nini watu wa pwani maji yasiyo na chumvi huyaita maji baridi hata yakiwa na moto wa saa saba mchana. Kama una kisima cha chumvi, usikiache. Mwagilia mchicha kwa zamu, chumvi leo, mvua kesho, na maji ya mvua yatasaidia kuiosha chumvi ishuke chini ya mizizi.

Tangi lisilo na bei

Lita 48,000 za paa, tangi la 2,000. Masika ikikolea, tangi linajaa kwa mvua moja au mbili, na mengine yote yanamwagika. Yanakwenda wapi? Kwangu mwaka wa kwanza yalikwenda msingini. Kwa wengi yanakwenda kwa jirani, na ugomvi wa maji ya mvua ni ugomvi wa kudumu. Chimba shimo.

Mita tatu au zaidi kutoka ukutani, mahali ardhi inapoteremka, chimba shimo la duara lenye upana wa mita moja na nusu na kina cha sentimita 60. Udongo unaotoka uuzungushie ukingoni kama tuta. Lijaze shimo vitu vinavyooza: majani, maganda ya ndizi, mabua, maboksi yaliyochanwa. Juu ya tuta panda migomba mitatu au minne, na katikati yao matembele. Bomba la kufurikia la tangi lielekee humo. Shimo linakunywa mvua nzima, takataka zinageuka mboji, na migomba inaishi kiangazi kwa akiba iliyo chini. Mgomba mmoja wangu wa bukoba umezaa mkungu Februari bila kupewa kopo moja kutoka tangini.

Huko Zvishavane, Zimbabwe, aliishi mkulima aliyeitwa Zephaniah Phiri Maseko, aliyefariki mwaka 2015. Shamba lake lilikuwa chini ya mwamba, sehemu kame, naye miaka mingi alijenga kuta ndogo za mawe na kuchimba mashimo ili kila mvua iliyoteremka kutoka kwenye mwamba isimame, izame, isipite. Alikuja kujulikana kwa jina la mvunaji wa maji. Nyumbani kwetu Afrika Mashariki, watu wa Machakos walichimba mitaro kufuata mlalo wa kilima na kuutupia udongo upande wa juu, na jina la kazi hiyo, fanya juu, leo limo kwenye vitabu vya hifadhi ya udongo vya lugha nyingine, limeachwa kwa Kiswahili chake. Ua wako hauhitaji matuta ya Machakos. Lakini kama una mteremko wowote, mfereji mmoja wa kina cha jembe unaokatisha mteremko, badala ya kuufuata, utayasimamisha maji karibu na mboga.

Tatizo letu ni mchanga. Maji yanapita kama kwenye chujio la nazi. Dawa ni mboji, na mboji, na mboji. Kwa kila ndoo mbili za udongo changanya ndoo moja ya mboji na nusu ndoo ya samadi iliyokaa. Nasema iliyokaa. Mwaka ule wa kwanza nilipewa viroba viwili vya mbolea ya kuku wa kisasa, bado ya moto, nikaitandaza jioni kwa furaha na kupanda miche asubuhi. Baada ya siku tatu miche ilikuwa imelala kama imemwagiwa maji ya chai. Mbolea ya kuku iache ipoe miezi miwili au mitatu chini ya kivuli, imefunikwa, ndipo ushike jembe.

Halafu funika. Matandazo ya nyasi kavu au majani ya mgomba, unene wa vidole vinne, yanapunguza maji yanayokauka juu ya udongo kiasi ambacho utakiona kwa macho: chini ya matandazo udongo una unyevu saa tisa alasiri, pembeni ni vumbi. Mchwa watakuja, sogeza matandazo mbali kidogo na shina, na usitumie vipande vya mbao. Hapa ndipo zile mita nne zinapoanza kurefuka.

Kupanda kwa kalenda ya tangi

Mama mkwe wangu ni mwenyeji wa Muheza, na alipokuja kutusalimia Aprili akanikuta napanda nyanya kwenye mvua. Alinitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "nyanya haipendi kuogeshwa." Nilicheka. Mwezi wa tano zilikuwa nyeusi, zimeshikwa na bakajani shina hadi tunda, na yeye alikuwa amekwisha rudi kwake, akaniuliza kwa simu zinaendeleaje. Alikuwa anajua.

Pwani, msimu wa nyanya ni kipupwe, joto likipungua na majani yakiwa makavu. Na hapo ndipo tangi linapopata kazi yake halisi: maji ya Mei yaliyohifadhiwa ndiyo nyanya za Agosti. Sia mbegu katikati ya Mei, kwenye beseni lililotobolewa, chini ya ukingo wa paa ambapo mvua haipigi. Hamisha miche katikati ya Juni ikiwa na wiki nne. Kuanzia mwisho wa Agosti unachuma. Mita nne zikichukua mashina manane ya nyanya, nafasi inayobaki weka chainizi na spinachi, mboga mbili ambazo kwetu hazifurahii joto la Januari. Nyanya zifunge kwenye miti, chuma majani ya chini yanayogusa udongo, na ukiona mabaka meupe yaliyochimbwa ndani ya jani, ni kantangaze, kiwavi wa nyanya: jani hilo litoe na ulichome, usilitupe kwenye mboji.

Masika yenyewe iachie mboga zisizoogopa maji. Matembele ndiyo mfalme. Kata kipande cha shina cha urefu wa viganja viwili, kizike vifundo vitatu chini, na baada ya wiki tano au sita unachuma majani, na utaendelea kuchuma mpaka uchoke nayo. Mlenda huota hata bila kualikwa. Mihogo ya kisamvu panda pembeni kama uzio. Mchicha mvua kubwa huupiga chini ukiwa mchanga, na mbegu zake ni ndogo kiasi cha kusombwa. Zichanganye na majivu au mchanga mkavu ndipo umwage, kisha tandika matawi ya mnazi juu mpaka uchipue. Wiki tatu hadi nne ung'oe, usubiri nini? Ukichelewa unakomaa na kutoa maua. Bamia na kunde ni za vuli.

Januari na Februari sikushauri kitu. Nimejaribu chainizi: ilikwenda maua ndani ya wiki tatu. Nimejaribu nyanya chungu: ilidumu, ikazaa vitu vichungu kuliko jina lake. Siku hizi miezi hiyo nabaki na matembele, kisamvu na mrehani, na yaliyobaki tangini nayatumia kwa miche tu.

Asiye na ardhi kabisa, apate kiroba. Bustani ya gunia wanaijua vizuri watu wa Kibera, Nairobi, ambako nafasi ya mlangoni ndiyo shamba. Simamisha gunia la kilo 100, katikati weka kopo kubwa lisilo na kitako, lijaze kokoto, zunguka kopo kwa udongo wenye mboji, kisha livute kopo juu na kurudia, mpaka gunia lijae na nguzo ya kokoto isimame katikati yake kutoka chini hadi juu. Maji utayamwaga juu ya kokoto, nayo yatasambaa hadi mizizi ya chini. Pembeni toboa matundu yaliyopishana na uchomeke miche ya sukuma wiki, spinachi au matembele; juu weka nyanya moja au pilipili mbili. Gunia la plastiki hupasuka kwa jua baada ya msimu au miwili. Watu wengi wanakosea kwa kuliweka juani siku nzima. Kivuli cha mchana ni rehema.

Kumwagilia: asubuhi na mapema, au jioni jua likishalegea, chini kwenye shina, kamwe juu ya majani ya nyanya. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyotobolewa kizibo kwa sindano na kuchimbiwa kichwa chini karibu na shina, inalisha mche polepole, nawe unajua hasa mche umepata kiasi gani. Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende bustanini moja kwa moja. Ya kusuuzia nguo, kama hayana dawa ya kuondolea madoa, upe mgomba, usimwagie mboga ya majani. Kwa familia ya watu watano, yale ya mchele na mboga ni lita kumi au zaidi kwa siku, na hapo ndipo nilipopata mita zangu mbili za ziada.

Wadudu sitasema mengi. Vidukari chini ya majani huondoka kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, yarudiwe baada ya siku tatu. Majivu yanawakera konokono mpaka yanyeshewe. Adui mkubwa kuliko wote ni kuku wa jirani, na kwa hilo dawa ni uzio wa fito na mazungumzo mazuri, ukianza na mazungumzo.

Mwisho wa Februari tangi langu huwa karibu tupu, nami hufurahi likiwa hivyo, maana ndio wakati wa kuliosha. Naligonga kwa kifundo cha kidole kutoka juu kushuka. Pale mlio unapobadilika ndipo maji yalipo. Zikibaki ndoo mbili tatu, naingiza mkono na fagio la chelewa, nasugua, namwaga tope lote kwenye shimo la migomba. Kisha gata: majani ya mwarobaini nje, kila kishikizo nakivuta nione kama kimeshika, ndoo moja ya maji naimwaga upande wa juu nitazame kama inafika bombani bila kusimama njiani. Nazibua tundu la msumari kwenye kizibo cha chini. Nabadili wavu. Beseni la miche naliacha limegeuzwa kichwa chini barazani, kwa sababu halina kazi hadi Mei, na likikaa wima litajaa maji na viluwiluwi usiku wa mvua ya kwanza.